Chuma kwenye maji ya bahari: Kinapimwaje kitu kidogo kiasi hiki?

Anayetumia maji ya kisima cha pampu ataielewa habari hii haraka. Asubuhi unajaza ndoo, maji ni safi, unaona hadi chini. Ukirudi mchana yamegeuka rangi ya kutu, na chini ya ndoo kuna tope jekundu. Ukiyachemshia chai, chai inakuwa nyeusi kama wino. Ukifulia shati jeupe, linatoka na madoa. Hayo yote ni kazi ya madini ya chuma.

Baharini tatizo ni kinyume chake. Huko chuma ni kidogo mno, na katika maeneo makubwa ya bahari uchache huo ndio unaoamua kama maji yatakuwa na uhai mwingi au kidogo. Kwa miaka mingi wanasayansi walijaribu kukipima wakapata majibu yasiyo sahihi, ingawa walikuwa na mashine na elimu. Shida yao kubwa ilikuwa uchafu: wa meli, wa chupa na wa mikono yao wenyewe.

Katika makala haya tunaeleza chuma hicho kinafanya nini baharini, kinapimwaje, na kwa nini jambo hili linaweza kumhusu hata mtu anayeishi mbali kabisa na pwani.

Kwa nini bahari inahitaji chuma?

Mama mjamzito akienda kliniki hupewa vidonge vya kuongeza damu. Ndani yake mna madini ya chuma, kwa sababu mwili hauwezi kutengeneza damu ya kutosha bila madini hayo.

Bahari nayo ina viumbe wanaohitaji chuma. Karibu na uso wa maji huelea vijimea vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Wataalamu huviita fitoplanktoni. Vinatumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, kama yanavyofanya majani ya mahindi shambani. Vijimea hivi hufanya karibu nusu ya kazi yote ya namna hiyo inayofanywa na mimea duniani. Wadudu wadogo wa baharini huvila, samaki wadogo hula wadudu hao, na samaki wakubwa hula wadogo, mpaka samaki anafika sokoni.

Ili vijimea vikue vinahitaji mbolea, hasa naitreti na fosfeti, kama zile tunazonunua kwa ajili ya shamba. Vinahitaji pia chuma, kwa kiasi kidogo sana, ili kutengeneza ile rangi ya kijani inayonasa mwanga na ili kuweza kuitumia naitreti. Pasipo chuma, mbolea hubaki majini bila kutumika. Ni kama shamba lenye mbolea tele lakini mahindi yamedumaa, kwa sababu kuna kirutubisho kimoja kinachokosekana.

Maeneo ya namna hiyo baharini ni makubwa. Yanayojulikana zaidi ni matatu: Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, Pasifiki karibu na ikweta, na Pasifiki ya kaskazini upande wa Alaska. Tangu miaka ya 1930 kulikuwa na wanasayansi waliohisi kwamba chuma ndicho kinachokosekana huko. Kuhisi ni jambo moja, kuthibitisha ni jingine. Kuthibitisha kulihitaji kipimo.

"Kilichoyeyuka" maana yake nini?

Tukisema chuma kimeyeyuka, wengi watafikiria mhunzi na moto wake. Hapa hatuzungumzii hicho. Tunazungumzia kuyeyuka kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai: ipo, lakini huioni.

Chuma ni miongoni mwa madini yaliyo mengi zaidi ardhini. Karibu asilimia 5 ya uzito wa tabaka la juu la dunia ni chuma. Sasa kwa nini baharini ni haba? Jibu liko kwenye ile ndoo ya kisima. Chini ya ardhi, mahali pasipo na hewa, chuma huyeyuka vizuri na maji hubaki maangavu. Maji yakishatoka nje na kukutana na oksijeni ya hewani, chuma hugeuka kutu na kuzama. Maji ya bahari yana oksijeni, kwa hiyo chuma kikiingia humo hugeuka kutu na kuzama vilevile. Kile kidogo kinachobaki majini, karibu chote kimeshikwa na kemikali zinazotokana na viumbe hai, ambazo hukizuia kisizame.

Chuma hufika baharini kwa njia kadhaa. Kuna vumbi la majangwa linalopeperushwa na upepo, mito, tope la sakafu ya bahari karibu na pwani, barafu inayoyeyuka, na chemchemi za maji ya moto zilizoko kwenye kina kirefu.

Wapimaji wamekubaliana namna ya kutenganisha chuma kilichoyeyuka na chembe za vumbi. Maji hupitishwa kwenye kichujio chenye vitundu vya upana wa mikroni 0.2. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko kitundu hicho kwa zaidi ya mara 300. Kinachopita kwenye kichujio huhesabiwa kuwa kimeyeyuka, na kinachobaki juu huhesabiwa kuwa chembe.

Ni kidogo kiasi gani?

Chukua robo ya kijiko cha chai cha sukari. Hiyo ni karibu gramu moja. Igawe gramu hiyo katika mafungu bilioni moja. Fungu moja huitwa nanogramu.

Katika maji ya juu ya Pasifiki ya kaskazini, mbali na nchi kavu, lita moja ina takriban nanogramu 5 za chuma kilichoyeyuka.

Tutumie mfano mwingine. Fikiria uwanja wa mpira wa miguu wa kawaida umezungushiwa ukuta na kujazwa maji hayo ya bahari hadi kina cha mita moja, yaani kiunoni kwa mtu mzima. Chuma chote kilichoyeyuka humo kingefika takriban miligramu 40. Kidonge kimoja cha kuongeza damu cha mama mjamzito mara nyingi kina miligramu 60 za chuma. Kwa hiyo uwanja mzima wa maji una chuma pungufu kuliko kidonge kimoja.

Sasa linganisha na kisima. Shirika la Afya Duniani linasema chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, nguo huanza kupata madoa. Kiwango hicho ni kikubwa karibu mara 60,000 kuliko kile cha maji ya juu ya bahari tuliyoyataja. Kifaa kinachofaa kabisa kupima maji ya kisima hakiwezi kuona chochote katika maji hayo ya bahari.

Halafu kuna chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kwa uzito, chumvi hiyo inakizidi chuma kwa karibu mara bilioni saba. Anayepima anatafuta punje moja ya mchanga ndani ya lundo la magunia.

Miaka ya vipimo visivyo sahihi

Meli za utafiti zimetengenezwa kwa chuma. Kamba za kushushia vifaa zilikuwa za chuma. Mashine za kuvutia kamba zina grisi na kutu. Hata vumbi la chumbani lina chuma, na jasho la mkono pia.

Fikiria chembe ya kutu yenye uzito wa miligramu moja, ndogo kuliko punje ya mtama. Ikiyeyuka yote, chuma chake kinatosha kuongeza maradufu chuma kilichomo katika zaidi ya lita laki moja za maji yale ya juu ya Pasifiki. Chupa ya mpimaji kwa kawaida haifiki hata lita moja.

Ndiyo maana vipimo vingi vya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970 vilionyesha chuma kingi kupita kiasi. Wapimaji walidhani wanapima bahari, kumbe walikuwa wanapima meli yao.

Aliyefungua njia hakuwa akishughulika na chuma. Alikuwa Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani katika taasisi ya Caltech, California. Alipima madini ya risasi ndani ya mawe ili kujua umri wa dunia, lakini majibu yake yakawa hayatulii. Aligundua kwamba risasi ilikuwa imetapakaa kila mahali, hata ndani ya maabara yake. Akajenga chumba kisafi, akasafisha kila kemikali, akadhibiti hewa iliyokuwa ikiingia. Mwaka 1956 alitangaza umri wa dunia: takriban miaka bilioni 4.55. Baadaye alitumia usafi huohuo kupima maji ya bahari, na watafiti wengine wakajifunza kutoka kwake.

Miongoni mwa waliojifunza njia hizo alikuwa John Martin, aliyeongoza maabara za bahari za Moss Landing, California. Mwaka 1982 yeye na wenzake walitoa vipimo vya chuma vya Pasifiki ya kaskazini-mashariki vilivyochukuliwa kwa usafi huo, na kiasi kilikuwa kidogo sana. Mwaka 1988 walionyesha kwamba maji ya Ghuba ya Alaska yakiongezewa chuma kidogo ndani ya chupa safi, vijimea hukua kwa kasi. Chupa zisizo safi zisingeweza kuonyesha hilo kamwe, kwa sababu zingekuwa tayari zina chuma kabla ya jaribio kuanza.

Martin alifariki mwezi Juni 1993. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huohuo, wenzake walimwaga chuma katika eneo la kilomita za mraba 64 karibu na visiwa vya Galápagos, na vijimea vikaongezeka. Waliporudia jaribio mwaka 1995, bahari ya buluu iligeuka kijani.

Maji yanachotwaje?

Kazi ya kupima huanza miezi kabla ya safari, kwenye kuosha chupa. Chupa ni za plastiki maalumu. Hulowekwa kwenye sabuni kwa siku kadhaa, kisha kwenye tindikali, yaani asidi, kwa wiki kadhaa ili itoe chuma chote kilichojificha kwenye plastiki. Husuuzwa kwa maji yaliyosafishwa mara nyingi, kisha kila chupa hufungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki.

Baharini, kamba inayoshusha vifaa haina chuma kilicho wazi. Mara nyingi ni ya nyuzi imara za kutengenezwa, au imevikwa plastiki. Fremu ya kubebea vyombo huwa ya titani, au imepakwa rangi isiyotoa chuma. Vyombo vya kuchotea vimepakwa tefloni ndani. Aina mojawapo hushuka ikiwa imefungwa, ili isiguse utando mchafu unaoelea juu ya maji kuizunguka meli. Ikifika kina cha takriban mita 10 hufunguka yenyewe. Ikifika kina kinachotakiwa hufungwa tena na kuvutwa juu.

Kwa maji ya juu hutumika kifaa kinachokokotwa pembeni, mbali na ubavu wa meli, ambacho huvuta maji kwa mpira wa plastiki wakati meli ikienda mbele. Maji hayo huwa hayajaguswa na meli.

Vyombo vikishapanda huingizwa kwenye chumba cha plastiki ndani ya kontena. Hewa inayoingia humo huchujwa, na husukumwa kwa nguvu kidogo ili mlango ukifunguliwa hewa itoke nje badala ya vumbi kuingia. Watu huvaa glovu, kofia na makoti.

Kuna utaratibu mmoja ambao yeyote anaweza kuuelewa: watu wawili, mmoja wa mikono michafu na mwingine wa mikono misafi. Wa mikono michafu hugusa mfuko wa nje, kamba na mashine. Wa mikono misafi hagusi chochote isipokuwa mfuko wa ndani na chupa yenyewe. Akigusa kitu kingine, hata pua yake, anabadilisha glovu.

Maji yakishachujwa hutiwa tindikali safi kabisa. Hii huzuia chuma kisigande kwenye kuta za chupa. Baada ya hapo chupa inaweza kukaa kwa miezi kabla ya kupimwa.

Maabarani: njia nne

Kwanza, katika njia nyingi, chuma hutenganishwa na chumvi. Maji hupitishwa kwenye bomba dogo lenye punje za plastiki maalumu zinazoshika metali na kuacha chumvi ipite, kama wavu wenye matundu ya kuchagua samaki. Kisha tindikali kidogo hupitishwa, na chuma chote huachia na kutoka kikiwa kwenye matone machache. Sasa hakuna chumvi, na chuma kimekolea.

Baada ya hapo kuna njia mbalimbali za kukisoma.

Njia ya mwanga. Kemikali iitwayo luminoli hutoa mwanga wa buluu ikikutana na chuma pamoja na kemikali nyingine zinazofaa. Kifaa hupima mwanga huo, na chuma kikiwa kingi mwanga huongezeka. Polisi wa upelelezi hutumia luminoli hiyohiyo kutafuta madoa ya damu yaliyofutwa, kwa sababu damu ina chuma.

Njia ya rangi. Chuma huharakisha kemikali fulani kugeuka nyekundu. Kifaa hupima rangi inakolea kwa kasi gani. Mashine ya njia hii, kama ile ya mwanga, inaweza kubebwa melini, hivyo watafiti wakapata majibu wakiwa bado baharini na kugundua mapema kama kuna uchafu.

Njia ya umeme. Chuma huunganishwa na kemikali inayonata kwenye tone la zebaki, kisha umeme mdogo hupitishwa. Mkondo unaopatikana huonyesha kiasi cha chuma. Njia hii husaidia pia kujua zile kemikali za viumbe zinazoshikilia chuma majini.

Njia ya kupima atomu. Matone huingizwa kwenye gesi ya agoni yenye joto la maelfu ya nyuzi, kila kitu kikavunjika kuwa atomu, na mashine ikazitenga kwa uzito. Hapa kuna mtego. Uzito wa atomu nyingi za chuma ni 56. Atomu ya agoni ina uzito wa 40 na ya oksijeni 16. Zikishikana zinakuwa 56, na mashine ya kawaida inadhani imeona chuma. Kwa hiyo hutumika mashine kali zaidi, au gesi inayovunja muungano huo.

Mashine hii ina faida kubwa, na inaeleweka kwa mfano wa debe la mahindi. Una debe la mahindi meupe na unataka kujua lina punje ngapi bila kuhesabu zote. Tia punje 1,000 nyekundu, changanya vizuri, kisha chota bakuli moja. Ukikuta kila punje nyekundu ina nyeupe 50, basi debe lina takriban punje nyeupe 50,000. Hata bakuli likimwagika nusu, uwiano haubadiliki. Wanasayansi hufanya hivyo kwa kutia chuma cha uzito wa 57, ambacho katika hali ya kawaida ni karibu asilimia 2 tu ya chuma chote.

Hata hivyo, mbinu hii nzuri haiwezi kutofautisha chuma cha bahari na chuma cha kutu iliyodondokea ndani ya chupa. Kama mtu alikuwa ametia mahindi ya jirani kwenye debe kabla hujaanza, nayo yatahesabiwa. Mashine ya bei kubwa haiwezi kurekebisha mkono mchafu.

Kupima debe tupu

Mfanyabiashara mwaminifu hupima kwanza chombo kitupu, kisha hupima chombo na mzigo, halafu hutoa. Wapimaji wa chuma nao lazima wafanye hivyo.

Tindikali wanayotumia ina chuma kidogo. Kichujio kina chuma kidogo. Chupa pia. Kwa hiyo huchukua maji safi kabisa na kuyapitisha katika hatua zote kama vile ni maji ya bahari. Chuma kinachoonekana hapo ni chuma cha kazi yenyewe, na hutolewa kwenye jibu.

Kama chuma cha kazi ni nanogramu 4 na jibu la bahari ni 5, jibu hilo halina maana kubwa. Ripoti nzuri hutaja namba zote mbili. Ukiona ripoti ya kipimo kidogo sana isiyosema chombo kitupu kilikuwa na kiasi gani, una haki ya kuuliza.

Maji ya kulinganishia

Hata baada ya usafi kuimarika, maabara tofauti zilipopewa maji yaleyale zilitoa majibu yaliyopishana. Nani alikuwa sahihi?

Mwaka 2004 wanasayansi wa nchi mbalimbali walikwenda Pasifiki ya kaskazini kwa meli ya utafiti ya Marekani iitwayo Melville. Walichota maji mengi ya juu na mengine ya kina cha mita 1,000, wakayachanganya kwenye matangi makubwa safi, wakayagawa kwenye mamia ya chupa ndogo. Chupa hizo zilisambazwa kwenye maabara mbalimbali ili zipimwe kwa njia zote tulizozieleza.

Majibu yalipokusanywa, wakakubaliana: maji ya juu yana takriban nanogramu 5.2 kwa kilo, na seti moja ya maji ya kina yana takriban nanogramu 52. Tofauti hiyo ya mara kumi ina maana yake. Juu, vijimea hula chuma. Vikifa na kuzama vinaoza, na chuma hurudi majini huko chini.

Tangu hapo, maabara inayotaka kuaminiwa ilipaswa kwanza kupima maji hayo ya pamoja. Ikipata jibu lililokubaliwa, vipimo vyake vingine vinasikilizwa. Ni kama jiwe la mizani lililopigwa muhuri.

Mradi wa kimataifa uitwao GEOTRACES umejengwa juu ya msingi huo. Unashirikisha zaidi ya nchi 30, na tangu mwaka 2010 meli zake zimekuwa zikikatiza bahari zote zikipima chuma na madini mengine machache, na takwimu hutolewa bure.

Na Bahari ya Hindi?

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 meli ya Japani, Hakuho Maru, ilipima chuma katika Bahari ya Hindi kuanzia kaskazini hadi kusini ya mbali. Kwenye kina cha takriban mita 3,000, katikati ya bahari, ilikuta chuma kilichotoka kwenye chemchemi za maji ya moto za sakafuni.

Wavuvi wa pwani yetu wanaujua upepo wa kusi. Upepo huohuo, ukifika pwani za Somalia na Oman, huvuta juu maji baridi ya kina yenye mbolea nyingi, na bahari ya huko hujaa uhai. Hata hivyo, vipimo vilivyofanywa upande wa Oman mwishoni mwa msimu wa kusi vilikuta naitreti nyingi ikiwa haijatumika huku chuma kikiwa kidogo kuilinganisha nayo. Hii ni licha ya majangwa kuwa karibu. Bila chupa safi, jambo hilo lisingejulikana.

Kipimo kinapogeuka fedha

Vijimea vikikua huvuta hewa ya ukaa, ile inayoongeza joto duniani. Baadhi yake huzama navyo. Ndiyo maana kumekuwa na watu wanaotaka kumwaga chuma baharini na kuuza "hewa ya ukaa iliyozamishwa", au kuahidi samaki wengi.

Mwaka 2012 wakazi wa kijiji cha Old Massett, katika visiwa vya Haida Gwaii magharibi mwa Canada, waliingia katika mradi wa namna hiyo. Walikopa dola milioni 2.5 za Canada wakitarajia samaki aina ya samoni kurudi na fedha za hewa ya ukaa kuingia. Takriban tani 100 za chumvi ya chuma zilimwagwa baharini. Setilaiti zilionyesha vijimea vikiongezeka. Lakini kuthibitisha kwamba samaki waliongezeka kwa sababu ya chuma hicho, au ni ukaa kiasi gani ulizama na kubaki chini, kulihitaji vipimo makini vya kabla na baada, ndani na nje ya eneo lile, na wanasayansi wengi walisema ushahidi wa kutosha haukuwapo. Tayari mwaka 2008 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa unaozuia utupaji wa taka baharini zilikuwa zimekubaliana kwamba umwagaji wa chuma usiruhusiwe, isipokuwa kwa utafiti halali wa kisayansi.

Biashara ya hewa ya ukaa inafika vijijini kwetu pia, kupitia misitu na mashamba. Swali la kuuliza ni lilelile: nani alipima, kwa chombo gani, na nani mwingine alirudia kipimo hicho akapata jibu lilelile?

Kwenye kisima chako

Usafi huu una faida hata kijijini. Maji ya pampu yakiwa na kutu, kuna mambo mawili yanayowezekana: chuma kinatoka ardhini, au kinatoka kwenye mabomba yaliyoliwa na kutu. Tiba zake ni tofauti, na gharama pia.

Chukua chupa mbili safi za plastiki. Ya kwanza ijaze alfajiri, kabla mtu yeyote hajapiga pampu. Ya pili ijaze baada ya watu kuchota kwa muda mrefu. Kabla ya kujaza, suuza kila chupa mara tatu kwa maji yaleyale. Kisha ziache zitulie hadi kesho yake. Ikiwa ya kwanza ni nyekundu na ya pili imebaki safi, shaka kubwa ni mabomba. Ikiwa zote mbili zimekuwa nyekundu, huenda ni ardhi yenyewe. Hii ni dalili tu. Kwa jibu kamili, kamati ya maji imwite fundi wa maji, na chupa za kupeleka maabara ziombwe maabara kwenyewe badala ya kutumia chupa za soda.

Fundi akija kuchukua maji, mwangalie anavyofanya. Akiyachukua ya kwanza kabisa bila kupiga pampu kwanza, au akashika mdomo wa chupa kwa vidole, mwulize kwa heshima kwa nini. Namba itakayoandikwa kwenye karatasi itatokana na dakika hizo chache pale kisimani.